Mafuta kwenye Sahani ya Anayesafishwa Damu: Mwongozo kwa Anayepika

Nilianza kuelewa kwa kuitazama saa ya baba. Aliihamishia mkono wa kulia baada ya ule wa kushoto kuwekwa fistula (mshipa uliounganishwa kwa upasuaji ili mashine ya kusafisha damu ichomekwe hapo), na mkanda wake wa chuma ulikuwa ukimbana hadi kuacha alama kwenye ngozi. Miezi minne baada ya kuanza mashine, saa ileile ilikuwa inateremka mpaka kwenye kiganja kila aliposhusha mkono. Kwenye mizani, hata hivyo, alisoma kilo 62 kama siku ya kwanza, nasi nyumbani tulikuwa tunamshukuru Mungu kwamba baba hajakonda.

Nesi mmoja ndiye aliyenivuta pembeni. "Dada, hizo kilo si mwili, ni maji. Baba yako anaisha. Mnampikia nini?"

Nikamweleza kwa fahari: samaki wa kuchemsha, kabichi ya kuchemsha, wali mkavu, hata tone la mafuta hatutii. Tulikuwa tumeambiwa na kila aliyekuja kumjulia hali kwamba mgonjwa wa figo hatakiwi kugusa mafuta. Tulimpenda, tukatii, tukamkosesha chakula ndani ya nyumba yenye chakula.

Nimeandika mwongozo huu kwa anayeshika mwiko. Unamhusu mtu mzima anayesafishwa damu kwa mashine, awe anakwenda mara mbili au mara tatu kwa wiki. Namba nilizoweka ni za kawaida katika tiba hii. Pale daktari au mtaalamu wa lishe wa mgonjwa wako alipotoa namba yake, fuata yake.

Hatua ya 1: Jua kama anakonda chini ya maji

Mizani ya kituoni hupima mwili na maji kwa pamoja. Uzito mkavu ni ule anaobaki nao mgonjwa maji ya ziada yakishatolewa, akiwa hana uvimbe, habanwi pumzi, na presha haijaporomoka. Mashine hupangiwa kutoa maji mpaka ifike kwenye namba hiyo. Mgonjwa akipoteza kilo mbili za nyama ya mwili na namba ikaachwa ilivyo, mashine humwachia kilo mbili za maji mahali pa ile nyama. Mizani itasoma sawasawa, huku presha ikipanda na usiku akishindwa kulala chali kwa sababu ya kubanwa kifua.

Kwa hiyo usiitegemee mizani peke yake. Kila mwezi mtazame mwenyewe: mkanda wa saa, pete, tundu la mkanda wa suruali, mashavu, shimo juu ya mtulinga, unene wa paja. Ukiona vitu vinalegea huku kilo zimesimama palepale, waambie kituoni wauangalie upya uzito wake mkavu. Omba pia kuelezwa kipimo cha albumini, ile protini ya kwenye damu. Kwa walio kwenye mashine hutakiwa ifike gramu 4 kwa desilita au karibu sana na hapo (maabara nyingine huandika 40 kwa lita). Ikishuka si lazima iwe ni njaa peke yake, maana maambukizi nayo huishusha, lakini ni namba ya kuulizia kila inapotoka.

Kukonda huku kuna sababu zake. Kila kikao cha mashine huondoka na takriban gramu 6 hadi 12 za asidi amino, zile chembe zinazojenga protini. Juu yake kuna hamu ya kula iliyokufa, mdomo wenye ladha ya chuma, siku nzima inayokwisha kituoni na njiani, na masharti ya chakula yanayomfanya mtu aogope kila kitu. Mgonjwa wa mashine anayekonda yuko kwenye hatari kubwa kuliko mwenye mwili uliojaa kidogo. Hili ni kinyume na tulivyozoea kuambiwa sisi wazima, na ndiyo maana ushauri wa mitaani humwumiza.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya siku moja

Chukua uzito mkavu. Kwa kila kilo anahitaji kalori 25 hadi 35 kwa siku, na protini gramu 1 hadi 1.2. Mtu wa kilo 60 anayehitaji kalori 30 kwa kilo atafika kalori 1,800 na protini gramu 60 hadi 72.

Sasa mafuta. Gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9. Ya wanga au ya protini hutoa 4. Ukichukulia kwamba asilimia 30 ya kalori zake zitoke kwenye mafuta, mtu huyu wa kilo 60 anahitaji gramu 60 za mafuta kwa siku. Karibu nusu yake ataipata ndani ya samaki, mayai, maziwa kidogo na vitafunwa. Inayobaki ni vijiko viwili hadi vitatu vya chakula vya mafuta ya kupikia, kwa siku nzima, kwa ajili yake peke yake. Kijiko kimoja cha chakula kina gramu 14 hivi za mafuta na kalori 120.

Mafuta hayo yana kazi kubwa. Mwili uliokosa nguvu hauulizi, huchukua protini na kuichoma kama kuni. Kile kipande cha nguru ulichokinunua kwa bei ya kuumiza ili kijenge misuli huishia kumpa nguvu za kutembea hadi chooni. Ukimwekea mafuta ya kutosha na wanga wa kutosha, samaki naye anapata nafasi ya kufanya kazi yake.

Hatua ya 3: Tenganisha mafuta ya chupani na vyakula vyenye mafuta

Hapa ndipo wengi tunachanganya, nami nilichanganya kwa miezi kadhaa baada ya kuzinduliwa na yule nesi.

Mafuta yaliyokamuliwa, yale ya kwenye chupa, hayana potasiamu ya kuhesabu, hayana fosforasi ya kuhesabu (madini ambayo figo zilizofeli haziwezi kuyatoa vizuri), hayana chumvi wala maji. Fikiria mgonjwa ambaye kila kitu chake kina kikomo: maji yana kikomo, matunda yana kikomo, maharage yana kikomo. Kijiko cha mafuta ni karibu chakula pekee kinachomwongezea nguvu bila kugusa kikomo chochote kati ya hivyo.

Vyakula vyenye mafuta ni habari nyingine. Nazi, karanga, korosho, parachichi na jibini vina mafuta, tena mengine mazuri kabisa kwa moyo, lakini huja vimebeba potasiamu au fosforasi au vyote viwili. Wagonjwa wengi wa mashine huelekezwa wasipite miligramu 2,000 hadi 2,500 hivi za potasiamu kwa siku, na fosforasi isipite 800 hadi 1,000. Gramu 100 za parachichi zina potasiamu karibu 485, na parachichi zima la kwetu huzidi gramu hizo kwa mbali. Konzi ya karanga ya gramu 30 ina potasiamu kama 200 na fosforasi kama 110. Korosho za uzito huohuo zina potasiamu karibu sawa na fosforasi zaidi.

Kwa hiyo anaposema mtu, "mpe parachichi, ni mafuta mazuri," amesema nusu ya ukweli. Kipande chembamba cha parachichi katika siku ambayo hakuna ndizi wala viazi kinaweza kuingia kwenye hesabu, kama potasiamu ya mwezi huo imetulia. Zima kila asubuhi linaweza kumsimamisha moyo.

Hatua ya 4: Chagua chupa, kisha pima kwa kijiko

Mafuta ya alizeti ndiyo yanapatikana kila mahali kwetu, hasa yale yanayoshushwa kutoka Singida na Dodoma, nayo yanafaa kwa mapishi ya kila siku. Ya ufuta ni mazuri pia. Tone lake kwenye kabichi linampa mgonjwa harufu ya chakula, jambo lenye thamani kubwa kwa mtu anayekula bila chumvi. Ya zeituni ni bora ukiyamudu. Usiyumbishwe na bei ukajiona unamnyima mgonjwa wako: alizeti iliyopimwa vizuri inamtosha.

Mawese yana mafuta mazito (yale yanayoganda, yasiyoufaa moyo yakizidi) karibu nusu yake, samli zaidi ya nusu. Sisemi uvitoe jikoni. Nyumba ya Kigoma bila mawese si nyumba, na pilau ya Idi bila samli mzee hataila. Viwe vya siku maalumu, kijiko kimoja kimoja. Kwa mtu wa kalori 1,800, mafuta mazito ya siku nzima yasipite gramu 20.

Yanayostahili kukatwa moja kwa moja ni mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani kwa hidrojeni. Soma kibandiko: ukikuta maneno hayo ya mafuta ya mimea yaliyoongezwa hidrojeni, kirudishe kopo rafuni. Mafuta haya huziba mishipa ya moyo, na Shirika la Afya Duniani liliziomba nchi zote mwaka 2018 ziyaondoe kwenye chakula. Kapu hilohilo lina mafuta yaliyokaangia chipsi asubuhi, mchana na jioni mpaka yakawa meusi. Mgonjwa wako akitamani chipsi, mchemshie viazi vilivyokatwa vyembamba kwenye maji mengi, mwaga maji, rudia kwa maji mapya, ndipo ukaange kidogo kwa mafuta safi nyumbani. Kuchemsha huko kunapunguza potasiamu kwa kiasi kikubwa.

Ukishachagua, acha kumimina kwa kuinamisha chupa. Mimi hupima vijiko vitatu vya baba asubuhi, navitia kwenye kikombe kidogo cha kahawa chenye kifuniko, nakiweka juu ya meza ya jikoni. Kijiko cha chai kimoja kinakwenda kwenye yai la asubuhi. Mchana nachukua kijiko cha chakula kwenye rosti yake ya samaki, ninayoipika kwenye sufuria yake ndogo. Kinachobaki ni cha jioni: kabichi iliyochemshwa nikaichuja, kisha nikaikaanga na kitunguu na pilipili hoho kidogo. Usiku kikombe kikiwa na mafuta, najua leo hakula vya kutosha, hata kama yeye anasema ameshiba. Kikombe kile kimenipa habari nyingi kuliko maneno yake.

Hatua ya 5: Nazi, kwa sisi wa pwani

Nawaonea huruma wanaoambiwa "acha nazi" na mtu ambaye hajawahi kuikosa. Lakini namba zake ni nzito. Mililita 100 za tui zito zina gramu 20 hivi za mafuta mazito, yaani kikomo chote cha siku, na potasiamu miligramu 220 hadi 260. Madafu ni hatari zaidi: hayana mafuta, ila kikombe kimoja kina potasiamu kama miligramu 600, na juu yake ni maji. Madafu yasiingie kabisa mdomoni mwa anayesafishwa damu, hata kama jirani ameyaleta kwa nia njema, akisema yanasafisha figo.

Wengi hudhani tui la pili, jepesi, ni salama. Mafuta ni machache kweli, lakini potasiamu huyeyuka kwenye maji, na machicha yakikamuliwa tena hutoa iliyobaki. Kulizimua tui hakuiondoi potasiamu, kunaisambaza tu. Kinachosaidia ni nazi chache. Wali wake naupika kwa maji na kijiko cha mafuta, na unapokaribia kukauka nautilia vijiko viwili vya kasimile juu, nafunika, napalilia moto. Harufu inapanda yote. Ijumaa moja baba alisema, "Leo umenipikia wali wa nazi kama wa marehemu mama yako," na katika sufuria nzima hakukuwa na robo kikombe cha tui.

Samaki wa kupaka nampikia mara moja kwa wiki mbili. Siku hiyo hapati kitu kingine chenye nazi, na mchuzi unaobaki sahanini hanywi, kwa sababu mchuzi nao ni maji ya kuhesabiwa.

Hatua ya 6: Kitoweo kinachokuja na mafuta yake

Samaki wenye mafuta, kama vibua na jodari, wana omega-3 (aina ya mafuta mazuri kwa moyo), na wana protini gramu 20 hivi kwa kila gramu 100. Wape nafasi mara mbili kwa wiki. Dagaa nao wana omega-3, ila unawala na mifupa na vichwa, na huko ndiko fosforasi iliko. Wachache, mara mojamoja. Ng'onda na papa wa chumvi hawafai, wala samaki wa kopo, kwa sababu ya chumvi inayoleta kiu.

Yai moja lina protini kama gramu 6. Mafuta yote, na fosforasi karibu yote, yamo kwenye kiini. Yai zima moja na ute wa mayai mengine mawili hutoa kiamsha kinywa kizuri sana: protini nyingi, fosforasi ndogo. Kuku mtoe ngozi, nyama ya ng'ombe ipunguze mafuta meupe, kisha ukaange kwa mafuta uliyopima. Inaonekana kama kuzunguka, kutoa mafuta na kutia mafuta, lakini umebadilisha mazito kwa mepesi.

Soseji na nyama nyingine za viwandani ziache. Fosfati inayotiwa humo kiwandani huingia kwenye damu karibu yote, tofauti na ile ya maharage au karanga ambayo sehemu yake kubwa hupita bila kufyonzwa.

Na kama ameandikiwa dawa ya kuzuia fosforasi, vidonge vile vinakwenda pamoja na chakula, katikati ya matonge. Akimeza saa mbili baadaye havina cha kukamata.

Hatua ya 7: Siku hamu ya kula ikikata

Siku ya mashine ndiyo ngumu. Anatoka amechoka, kichwa kinamwuma, anataka kulala. Wengine hushuka presha wakila wakiwa kwenye mashine, kwa hiyo uliza kituoni kabla ya kubeba chakula kizito. Mimi hubeba mkate mweupe wenye yai, anakula tukishatoka.

Siku kama hizo ndugu huleta unga wa lishe. Naomba uusome mfuko huo vizuri. Karanga, soya, ulezi, mara nyingine dagaa: vyote vizuri kwa mtoto na mzazi, lakini kwa mgonjwa wa mashine ni potasiamu na fosforasi ndani ya kikombe kimoja. Pika uji mzito wa mchele au sembe, kiasi kidogo, kisha ukiwa jikoni bado tia kijiko kimoja cha mafuta na ukoroge mpaka yapotee. Umemwongezea kalori 120 na kikombe hakijaongezeka. Asiye na kisukari atiliwe na sukari. Anza na kijiko cha chai kwa siku kadhaa, maana tumbo lisilozoea huharisha.

Akikataa sahani kubwa, mpe ndogo mara tano. Chapati ndogo iliyopikwa kwa mafuta yaliyopimwa, isiyotiwa chumvi nyingi, ina nguvu kuliko bakuli la supu.

Hatua ya 8: Karatasi ya maabara na chupa za dawa

Ukiletewa majibu ya mafuta ya damu, utakuta mara nyingi triglisaridi (aina ya mafuta yanayozunguka kwenye damu) iko juu na lehemu nzuri iko chini. Figo zikifeli, kimeng'enya kinachoondoa mafuta kwenye damu hufanya kazi kwa unyonge, kwa hiyo triglisaridi hupanda hata kwa anayekula mafuta machache. Sukari na wanga mweupe mwingi huipandisha zaidi. Nyumba inayokata mafuta na kuziba pengo kwa soda na chai ya sukari vijiko vinne huikuta namba hiyo inapaa, kisha inakata mafuta tena. Wanaosafishwa kwa maji ya tumboni wawe waangalifu zaidi na sukari, kwa sababu maji yale yenyewe yana glukosi inayoingia mwilini.

Lehemu ya jumla ikiwa chini sana usishangilie. Kwa mtu wa mashine inaweza kuwa dalili ya njaa au ya mwili unaopambana na maradhi ndani kwa ndani, na inafaa iangaliwe pamoja na albumini.

Kuhusu vidonge vya statini, vya kushusha lehemu: utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2005 kwa wagonjwa 1,255 wa kisukari walio kwenye mashine, na mwingine wa mwaka 2009 wenye wagonjwa zaidi ya 2,700 kutoka nchi 25, haukuonyesha manufaa ya wazi ya kuvianza mtu akiwa tayari yuko kwenye mashine. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2013 ulipendekeza visianzishwe hapo, lakini aliyekuja navyo aendelee. Kama baba yako anavyo na mwenzake wa kitanda cha pili hana, hakuna aliyekosea. Usivisimamishe mwenyewe.

Mafuta ya ini la samaki yasitumike bila daktari. Yana vitamini A nyingi, na figo zilizofeli huiacha irundikane mwilini. Mafuta ya habasoda, unga wa mlonge na chochote kilichouzwa kwa jina la kusafisha figo, peleka chupa yenyewe kituoni waione kabla hajaonja.

Udhaifu wa ghafla wa miguu, ganzi mdomoni, moyo kwenda ovyo: hizo ni dalili za potasiamu, usisubiri siku ya mashine, mpeleke hospitali saa hiyohiyo na uwaambie alichokula. Kubanwa pumzi akilala nako usikulaze hadi kesho.

Kwa mengine, chukua daftari. Andika kwa wiki moja vijiko vya mafuta, alichokula na alichobakiza, kilo kabla na baada ya mashine. Ukikutana na mtaalamu wa lishe, mwekee daftari mezani na uulize maswali matatu: uzito wake mkavu bado ni sahihi, potasiamu ya mwezi huu inaruhusu nini, na kalori zake zimefika ngapi. Sisi tulipofanya hivyo, uzito wa baba ulishushwa mpaka 58, maji yakatoka, akalala chali kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Kisha tukaanza kupanda polepole, kwa kijiko. Leo ni 61, na mkanda wa saa umeanza tena kuacha alama.